Daraja Halibebwi Begani

Tarehe 3 Februari

Mke wangu mpenzi, taa ya nyumba hii,

Kaa kwanza. Umekaa? Haya. Ubalozi umeniita! Mahojiano ya viza ya mwenzi wa ndoa, katikati ya mwezi ujao. Habari ilinikuta niko nusu ya kichwa cha mteja, nikaruka nikatoka nje kupiga kelele, nikamwacha upande mmoja kipara upande mwingine msitu. Alinifuata mpaka barabarani na taulo shingoni. Tulicheka mpaka basi.

Wakili kaniambia mambo mawili. La kwanza, tuandikiane barua za mkono na tutunze bahasha zake, maana wale watu wakiona ni simu tu wanasema ndoa ya makaratasi. Ndiyo maana leo unauona tena mwandiko wangu wa kuku. La pili, wanauliza mambo ya ndani: mkeo hunywa nini asubuhi, hulala upande gani, siku ya harusi hali ya hewa ilikuwaje. Kuna mtu kaulizwa rangi ya mswaki wa mkewe, katoka pale analia kama mtoto.

Sasa wewe unanijua, mimi ni mtu wa watu, kichwa changu kimejaa vichwa vya wenzangu. Niandikie mambo yako yote, moja baada ya jingine, niyakariri. Barua za masomo nitaziacha nyumbani, ubalozini nitapeleka za mapenzi tu. Habari za kazi yako usihangaike nazo, hizo ninazo: nitasema mke wangu ni nesi, mkubwa wa wodi.

Nimeshaanza kuaga watu. Kiti changu cha kunyolea nimekwisha kumwahidi mwenzangu. Usiku silali, nakuona wewe tu.

Mumeo,
Kinyozi wako


Tarehe 9 Februari

Wifi yangu,

Barua hii nimeianza nikaichana, nikaianza tena nikaichana. Simu sikutaka kabisa. Kaka yangu kila akija huiazima yangu, na hili si la macho yake.

Unajua banda langu la cherehani na banda lake la kunyolea yametenganishwa na ubao tu. Nikikanyaga cherehani sisikii kitu. Nikisimama kutia uzi, nasikia hata anavyokohoa. Jumamosi nilikuwa natia uzi. Alikuwemo yule muuza dawa, msichana wa duka la dawa la ng'ambo ya barabara. Ana miezi sasa anakuja pale, nami nikajidanganya anakuja kutengeneza nyusi. Wifi, nyusi gani hizo za kila siku? Si zingekuwa zimekwisha?

Akamwuliza, "Na mimi je, ukishaenda kwa mkeo?" Kaka yangu akacheka kile kicheko chake cha puani. Akasema, "Wewe tulia. Nikishapata karatasi zangu za ukaazi, yule namwacha, nakuvuta wewe. Mke ni daraja, mama. Ukishavuka, hulibebi begani." Na benchi zima la wateja likaangua kicheko! Mmoja akasema, kinyozi una maneno wewe.

Nilijichoma sindano, damu ikadondokea gauni la bibi harusi wa watu. Nimelifua kwa maji ya chumvi, limetoka. Lile neno halijatoka.

Kesho yake nikaenda kwako, nikajifanya nafuata sufuria yangu. Amenifungulia mlango yeye, muuza dawa, kavaa lile gauni lako la kijani nililokushonea kwa mkono wangu huu. Kifuani linampwaya.

Utauliza kwa nini namchongea ndugu yangu wa tumbo moja. Nilipofiwa na mume wangu, kaka yangu alisimama mlangoni akasema ana wateja. Wewe ulilala nami sakafuni mpaka siku nilipoweza kumeza tonge. Undugu ni kufaana. Basi, nimeshalitapika. Fanya utakalo.

Wifi yako,
wa nyuma ya ubao


Tarehe 20 Februari

Wifi yangu wa nyuma ya ubao,

Barua yako nimeisomea kazini, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, nimesimama kati ya mashine ya kukamua na meza ya kukunjia. Nilipomaliza niliitia mfukoni nikaendelea kukunja mashuka. Msimamizi akaniuliza kama naumwa, nikamwambia ni mvuke. Kisha nikakunjua shuka moja, yakadondoka meno ya bandia ya mgonjwa, yakatua mezani yananichekea. Hapo ndipo nilipolia.

Najua watu wenye busara watasema nini. Andika ubalozini, ondoa ombi, yaishe. Thubutu! Nikiondoa ombi mimi, atakaa kwenye kiti chake apewe pole na mtaa mzima: maskini kinyozi, mkewe kalewa ng'ambo. Na muuza dawa amkande mabega. Sitaki apewe pole hata na kuku. Nataka aanguke kwa kinywa chake mwenyewe, amevaa suti, mbele ya mtu asiyecheka utani wake.

Ameniomba nimfundishe mambo yangu ayakariri. Hebu fikiria, mtu umelala naye kitanda kimoja miaka na miaka, halafu anaomba afundishwe unakunywa nini asubuhi! Haya, nitamfundisha. Nitamwambia nakunywa chai ya maziwa mengi. Wewe unajua maziwa yanavyonitapisha, umewahi kunishika kichwa. Nitamwambia siku ya harusi yetu ilinyesha. Unalikumbuka jua lile? Shangazi yangu alizimia tukampepea kwa sinia la keki. Nitamwambia nalala upande wa ukutani. Mimi niliyelala ukingoni, karibu na mlango, muda wote wa ugonjwa wa mama yenu, ili nimsikie akiita. Kaka yako hakuamka hata siku moja.

Mimi huku nilikwisha kuhojiwa, na majibu yangu ya kweli wanayo.

Lakini sikiliza, sitamtega kwa jambo asiloweza kulijua. Kila uongo nitakaoandika, mume mwenye akili timamu angeushika hapo hapo akaniandikia: mke wangu, una homa? Akiushika hata mmoja, naapa kwa roho ya mama yenu, nitayasahau yote na aje. Huo mlango nimemwachia wazi. Nawe nakuomba ukae kimya, kama cherehani iliyokatika mkanda.

Wifi yako,
dobi wa ng'ambo


Tarehe 21 Februari

Mume wangu kipenzi,

Barua yako imenipa furaha sijui niiweke wapi. Nimeibusu, nimeilaza chini ya mto. Nami naona siku haziendi.

Haya, keti mwanafunzi wangu, somo linaanza. Asubuhi mkeo hunywa nini? Chai ya maziwa, maziwa mengi kuliko chai, bila hayo siku yangu haiendi. Ukiulizwa habari ya kulala, sema mke wangu hulala upande wa ukutani, anapenda kujibanza kwenye ukuta kama mjusi. Nitakuwa nimekosea? Wewe mwenyewe unajua.

Harusi ndiyo wanayoipenda sana. Waambie ilivyonyesha. Waambie ile mvua iliyotukuta tunatoka, mpaka wageni wakajibanza barazani na viatu mkononi. Mtu akisimulia harusi yenye mvua huaminika, maana hakuna anayetunga mvua siku yake ya furaha. Na picha za harusi beba zote, usiache hata moja.

Hayo matatu yakikaa kichwani, mengine yatajileta. Yasome polepole, mume wangu. Ukiona mahali sikumbuki vizuri, nisahihishe. Nakuomba kweli kweli, nisahihishe.

Akupendaye,
mkeo


Tarehe 4 Machi

Mke wangu sukari,

Nikusahihishe nini, nawe umeandika kama uliyekuwa unaangalia sinema? Mvua ile! Naikumbuka kama jana. Viatu vyangu vyeupe viliharibika siku ile ile, nikacheza dansi miguu inalia chwa chwa chwa. Na maziwa, si mimi niliyekuwa nakuchemshia? Umesahau? Na huko ukutani ulivyokuwa unanisukuma kwa magoti, siku moja nusura nianguke chini!

Haya nayajua yote, sema tu kichwa cha mtu mzima kinahitaji kukumbushwa. Nikipata nafasi narudia: maziwa, ukuta, mvua. Maziwa, ukuta, mvua. Hata nikinyoa nayaimba.

Suti nimempa dada yangu aibane kiunoni. Andaa kitanda, mke wangu. Mwanaume anakuja.

Mumeo mwenye kumbukumbu ya tembo,
Kinyozi


Tarehe 12 Machi

Wifi yangu,

Wanasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Nami niliamini hivyo mpaka nilipompima kaka yangu suti.

Alisimama mbele ya kioo changu, mikono kaitandaza, mimi nimepiga magoti namtia pini kwenye pindo. Muuza dawa kakaa kwenye stuli yangu, miwani ya jua puani, anajifanya ndiye mwanamke wa ubalozini. "Bwana, mkeo hunywa nini?" "Maziwa!" "Hulala wapi?" "Ukutani!" "Siku ya harusi?" "Mvua, bibie, mvua ya mawe!" Akampigia makofi. Mimi nilikuwa na pini tele mdomoni, nikashukuru.

Alipotoka yule, kaka yangu akanigeukia. Sauti ikawa ya chini, ile aliyokuwa nayo tukiwa wadogo. Akaniuliza, "Hivi, siku ile ilinyesha sana, eeh?" Wifi, ni kaka yangu yule. Nilikuwa hapo, nilimpepea shangazi yako mpaka mkono ukafa ganzi. Ningesema neno moja tu. Nikatoa pini mdomoni, nikamwambia, "Wewe ndiye uliyeoa, kaka."

Akafikiri kidogo. Kisha akacheka, akasema, "Eh, ilinyesha bwana." Akaenda zake.

Nimembania ile suti vizuri. Sitaki aseme alianguka kwa sababu ya mshono.

Wifi yako,
wa nyuma ya ubao


Tarehe 19 Machi

Mke wangu, kama bado nina ruhusa ya kukuita hivyo,

Umenimaliza.

Nyuma ya kioo alikaa mama mmoja mtu mzima, mpole, sauti yake inatoka kwenye kipaza sauti kila mtu anaisikia. Akauliza unachokunywa. Nikasema maziwa, kwa sauti kubwa, kama mwanafunzi wa kwanza darasani. Akaandika. Akauliza kitanda. Nikasema ukutani. Akaandika. Akauliza harusi. Nikamwaga mvua yote, na viatu, na dansi, na chwa chwa chwa. Yule mama akaniacha nimalize. Kisha akatoa picha moja kwenye bahasha niliyompa mwenyewe, akaibandika kwenye kioo tutazame wote wawili. Watu wote wamekunja nyuso kwa jua. Shangazi yako kalazwa kivulini, dada yangu anampepea. Akaniuliza, "Mvua iko wapi hapa, bwana?" Nikasema ilikuja baadaye. Jasho linanitoka mpaka kwenye soksi.

Akaniuliza kazi yako. Nikasema nesi, mkubwa wa wodi. Akanitazama kwa huruma, mke wangu, kwa huruma! Akasema, "Mkeo anafua mashuka. Mwaka juzi aliungua mkono kwenye mashine ya kupigia pasi. Hujui?" Nyuma yangu foleni nzima ikaguna. Kulikuwa na jirani yetu katika foleni ile. Sasa mtaani siitwi tena Kinyozi, naitwa Mvua. Watoto wakiniona wanajifunika vichwa wanakimbia. Wapo wateja wanaocheka mpaka nashindwa kuwanyoa.

Nikajua nimekwisha. Yule mama akafunga faili, kisha akaniambia, "Haya, niambie kitu kimoja cha mkeo ambacho hakuna mtu aliyekufundisha." Sikufikiri, mdomo ulisema wenyewe. Nikasema nyuma ya sikio lake la kulia pana mahali pasipoota nywele, padogo kama punje ya dengu. Nikimnyoa, mashine ikikaribia pale hushika pumzi. Ikishapita huiachia, halafu hucheka kidogo, kama mtoto aliyeruka mtaro.

Akaacha kuandika. Akasema, "Hilo ni la mume." Kwa ajili ya hilo peke yake hajanikatalia. Faili iko wazi mpaka mwisho wa mwezi ujao. Ukiandika wewe kwamba makosa yalikuwa yako na kwamba unanitaka, wataniita tena. Barua moja tu, mke wangu.

Kiti changu kimeshakaliwa na mwingine, nanyolea watu kwenye stuli ya dada. Nimekukosea nini mimi, mpaka unifanyie haya?

Mumeo


Tarehe 30 Machi

Wifi yangu,

Ya kaka yako nimeyapata. Pale pa picha nilicheka mpaka nikashika ubavu, na sioni aibu kukuambia. Nilikuwa naisubiri ile picha kama mtu anayesubiri mshahara. Kila neno lilikuwa tamu.

Kisha nikafika kwenye dengu. Mkono wangu ukaenda nyuma ya sikio wenyewe.

Wifi, miaka yote aliyoninyoa pale uani, mimi nimekaa kwenye kigoda, hakuwahi kunitajia mahali pale. Wala sikujua kwamba mimi hushika pumzi. Nililia kama mjinga. Nikachukua karatasi nikawaandikia ubalozini: makosa ni yangu, nampenda mume wangu, naomba aitwe. Ndiyo, niliandika. Nicheke ukipenda. Nikaitia kwenye bahasha nikaifunga.

Ikakaa mezani, nami nikakaa nayo. Nikawa nawaza neno moja tu: kumbe anaona. Mimi nilimweka katika fungu la vipofu, na kipofu humkasirikii, unamshika mkono unamvusha. Ndivyo nilivyomvumilia. Nilimwambia nafua mashuka hospitali, akasikia hospitali tu; asiponiuliza habari ya mkono wangu ulioungua, nilisema basi, ndivyo alivyoumbwa. Mwenye macho haambiwi tazama. Huyu macho anayo, tena makali, anaona hata pumzi ya mtu inapokwama. Alijua hivyo, na bado akasimama mbele ya benchi la wateja akaniita daraja. Bora angekuwa hajui kitu.

Bahasha nimeichana. Nyingine nimeiandika kazini wakati wa mapumziko, fupi, ya kuondoa ombi. Nimeituma kwa simu, imeshapokelewa. Mlango niliomwachia alipita mbele yake akiimba.

Lile gauni la kijani, ukilipata, libane kifuani umpe muuza dawa. Nasikia siku hizi hapiti upande huo wa barabara, lakini mpe tu. Mimi sitalivaa tena.

Wifi yako,
dobi wa ng'ambo


Tarehe 1 Aprili

Kinyozi,

Hapa sikuiti mume, usidhani nimesahau.

Umeuliza umenikosea nini. Mke ni daraja, ukishavuka hulibebi begani. Maneno ni yako, uliyasema mbele ya watu. Usihangaike kumtafuta aliyeyaleta, maneno matamu hayakosi wa kuyabeba. Mimi nimetimiza tu: umefika katikati, nimeondoa mbao.

Usiseme nilikufundisha uongo. Nilikuomba unisahihishe, nikarudia. Maziwa hayo unayosema ulinichemshia, hata harufu yake siivumilii, na jikoni tulikuwa na sufuria moja, haikuwahi kuingia maziwa. Ukingoni mwa kitanda nililala kwa ajili ya mama yako mzazi. Jua la harusi lilikuchoma wewe pia, ukabanduka ngozi puani wiki nzima, mimi ndiye niliyekupaka mafuta. Ungesema "hapana" mara moja tu, leo ungekuwa unafunga sanduku. Hukusema, kwa sababu ulikuwa unajibu mtihani.

Ubalozini nimeandika. Si ile barua uliyoiomba. Ombi nimeliondoa, usirudi kupanga foleni, utachekwa bure. Kadhi ndiye atakayekuita sasa, na talaka yangu utaitoa kwa mdomo ule ule wenye maneno.

Habari ya dengu nimeisoma. Ulisema kweli, na hiyo ndiyo siku ya kwanza uliyonijibia kama mume. Nami nikujibu kama mke, kwa mara ya mwisho. Tangu nije huku hakuna mkono mwingine niliouamini na kichwa changu, nikawa nakungoja wewe. Nywele zimerefuka, zimefika mabegani. Pale mahali hapaonekani tena.

Dobi